Mhariri, mfano wenu wa kupitia listi unaruka vitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie ile safu ya kujifunza programu, maana naisoma tangu ilipoanza na nimeshawaelekeza vijana wengi waifuate, na kwa kweli mnafanya kazi kubwa kuandika haya mambo kwa Kiswahili, kuna watu wanakwamia kwenye lugha kabla hata hawajaikaribia kompyuta yenyewe. Ila toleo lililopita kuna mfano umenikaa rohoni. Mwandishi wenu alikuwa anaelezea lupu, yaani kuiambia kompyuta irudie hatua zilezile, akatengeneza listi, akasema ipitie kwa namba ya nafasi kuanzia sifuri, ukikuta kitu hukitaki kifute, halafu ongeza namba moja usonge mbele mpaka mwisho. Akaishia hapo.

Mfano ule haufanyi anachosema unafanya, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi unaonekana kama unafanya.

Hebu chukua karatasi. Andika listi ya namba tano: 3, 4, 6, 7, 10. Kazi ni kufuta zote zinazogawanyika kwa mbili, kwahiyo tunategemea zibaki 3 na 7 tu. Nafasi sifuri kuna 3, tunaiacha. Nafasi ya 1 kuna 4, tunaifuta. Sasa simama hapohapo uangalie listi, maana hapa ndo kila kitu kinapotokea: 4 ikishatoka, listi haiachi pengo, zilizobaki zote zinasogea hatua moja kushoto, yaani sasa hivi tuna 3, 6, 7, 10 na ile 6 imekuja kukaa nafasi ya 1, palepale tulipo. Sisi tunafanya nini? Tunaongeza namba, tunaenda nafasi ya 2, tunakuta 7. Ile 6 imepita nyuma ya mgongo wetu, hakuna mtu aliyeiangalia. Nafasi ya 3 kuna 10, inafutwa, listi imeisha. Matokeo ni 3, 6, 7. Kompyuta haijalalamika, programu imemaliza salama, na 6 imekaa humo.

Sasa fanya tena na listi nyingine, 3, 4, 7, 10, 11. Nafasi ya 1 inafutwa 4, nafasi ya 2 tunakuta 10 inafutwa, tunabaki na 3, 7, 11, ambayo ndo jibu sahihi kabisa. Lakini ukifuatilia vizuri utaona 7 na 11 nazo zilirukwa, hazikukaguliwa, sema tu zilikuwa za kubaki kwahiyo kurukwa kwao hakukuonekana. Hii ndo inayoniuma kwenye ule mfano mliouchapisha, Mhariri. Listi mliyoiweka haina vitu viwili vya kufutwa vilivyokaa jirani, kwahiyo msomaji akiujaribu nyumbani atapata jibu zuri, atauamini, ataubeba mpaka kazini.

Mimi niliubeba mpaka kazini. Miaka hiyo bado mgeni kwenye kazi nilipewa kuandika sehemu ya programu ya kutuma ujumbe kwa wateja, kila asubuhi inachukua listi ya wateja wote kutoka kwenye hifadhidata, inawatoa wale waliosema hawataki tena ujumbe, waliobaki wanatumiwa. Nikaandika vilevile kama safu yenu ilivyoandika. Nikajaribu kwa listi ya watu kumi, mmoja wapo kajitoa, akatoka vizuri, nikafurahi nikaikabidhi. Baada ya muda kuna mteja akaandika kwamba amejitoa lakini bado anapata ujumbe. Tukaangalia rekodi yake, kweli amejitoa, alama ipo. Akaandika mara ya pili, mara ya tatu akaandika kwa hasira na alikuwa na haki. Mimi nikawa nasema haiwezekani maana wenzake wengi waliojitoa hawapati kitu, nikahisi tatizo ni hifadhidata, nikahisi ni mtandao wa kutuma, siku mbili nzima natafuta kwenye sehemu ambazo hazina kosa. Mpaka mwenzangu mmoja akapanga wateja kwa mpangilio uleule wa programu akaniambia angalia jirani yake. Aliyekuwa juu yake kwenye listi naye alikuwa amejitoa. Na kwakuwa listi ilikuwa inatoka kwa mpangilio uleule kila asubuhi, ni mtu yuleyule aliyekuwa anarukwa kila siku. Tulipopekua tukakuta wengine kama yeye, wapo tu hawajaandika.

Kumbe ukiwa na mfululizo wa wanne wote wa kufutwa, wanaobaki ni wa pili na wa nne. Jaribu kwenye karatasi utaona. Hii haitokei kwa bahati nasibu, inafuata mpangilio kabisa, ndo maana nasema inafundishika, hata kwa mtu wa wiki ya kwanza.

Najua mwandishi wenu anaweza akajibu kwamba siku hizi lugha za programu zenyewe zinakukamata ukifanya hivyo. Kuna ukweli hapo ila siyo wote. Kwenye Java ukitumia ile lupu ya kisasa isiyo na namba, ile unayosema tu kwa kila kitu kilichomo kwenye listi fanya hivi, ukafuta kitu katikati ya safari, kwa kawaida inasimama na kukutupia hitilafu inayoitwa ConcurrentModificationException. Inajuaje? Listi ina kihesabu chake cha ndani, kila ukiongeza au kutoa kitu kinapanda, na anayeipitia anakuwa ameandika kihesabu kilisomaje wakati anaanza, kila akitaka kitu kinachofuata analinganisha, akikuta tofauti anajua kuna mtu kaigusa listi katikati. Ni utaratibu mzuri sana, na ningependa safu yenu iueleze, maana wanaoanza wakiona hilo jina refu wanadhani kompyuta imeharibika wakati imewaokoa.

Lakini nayo ina mlango wa nyuma. Chukua 3, 7, 4, 9, tumia hiyo lupu ya kisasa kwenye listi ya kawaida ya Java, futa 4 ukifika kwake. Hakuna hitilafu. Kwanini? Kwasababu kabla ya kuomba kitu kinachofuata, lupu inauliza kwanza kama kuna kingine, na swali hilo linajibiwa kwa kulinganisha hatua ulizopiga na ukubwa wa listi. Umeshapiga hatua tatu, listi nayo imepungua ikawa na vitu vitatu, jibu linakuwa hakuna kingine, lupu inaisha kimyakimya na ile 9 haijaguswa. Kitu cha kabla ya mwisho ukikifuta, cha mwisho hakionwi na hakuna kengele inayolia. Waliotengeneza Java wenyewe wameandika kwenye maelezo yao kwamba ukaguzi huu ni wa kujitahidi tu, usiutegemee kama ulinzi, ni wa kukusaidia kuona makosa.

Python kwenye listi haisemi chochote kabisa, inaruka tu kama tulivyoruka kwenye karatasi, hata ukitumia lupu isiyo na namba. Kwenye kamusi yake, ile ya ufunguo na thamani, hapo ukibadilisha ukubwa katikati ya lupu inapiga kelele. Lugha ileile, mambo mawili tofauti. Na C++ ukifuta kitu kwenye vekta, ambayo ndo listi yake, halafu ukaendelea kutumia kielekezi cha zamani, kile kinachoonyesha ulipofika, hakuna ahadi yoyote ya kitakachotokea, inaweza kwenda, inaweza kuanguka. Kwahiyo mtu anayejifunza kwa kutegemea lugha imkamate, anaponea kwenye hii anazama kwenye ile.

Kuna na hili dogo la Java nililiona kwa wanafunzi wangu wengi, niliseme haraka. Ukiwa na listi ya namba kamili kama ile yetu ya 3, 4, 6, 7, 10, ukaiambia ondoa 4, haitoi namba 4, inatoa kilichokaa nafasi ya 4, ambacho ni 10! Maana kuna metodi mbili, yaani amri mbili ambazo listi inazielewa, zenye jina moja, moja inapokea nafasi nyingine inapokea kitu chenyewe, na ukiandika 4 kavu inachukuliwa kuwa nafasi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Safu yenu inajiita ya kufundisha programu kwa objekti, na matoleo matatu yaliyopita mmeeleza vizuri kabisa kwamba objekti inatunza mambo yake ya ndani, ukitaka kitu unaiomba, huendi kupekua mwenyewe. Mfano wa akaunti ya benki ulikuwa mzuri, salio huligusi, unaiambia akaunti weka au toa. Halafu mkafika kwenye listi mkasahau yote. Listi nayo ni objekti jamani! Ina mambo yake ya ndani, ina namna yake ya kupanga vitu, na yenyewe ndo inajua namna bora ya kutembea ndani yake. Wewe ukija na namba zako, sifuri, moja, mbili, unakuwa umeamua kwa niaba yake jinsi ilivyojengwa, na unaweza ukawa umekosea.

Mfano hai ni listi ya mnyororo, ile ambayo kila kitu kinamshika mwenzake mkono. Hiyo haina nafasi ya kurukia moja kwa moja, ukiiomba kitu cha nafasi ya 50,000 inabidi itembee pete kwa pete mpaka ifike. Java inajitahidi kuanzia upande ulio karibu, mbele au nyuma, lakini bado inatembea. Sasa una vitu 100,000 na unaipitia kwa namba: kila namba safari mpya kutoka ukingoni. Ukijumlisha zinafika kama hatua bilioni 2.5 kwa kazi ambayo ingemalizwa kwa hatua 100,000 kama ungeiachia listi ikutembeze yenyewe. Programu ileile, matokeo yaleyale, moja inaisha kabla hujapepesa jicho nyingine unakaa unaisubiri. Na mwandishi wa lupu wala hakufanya kosa la hesabu, aliamua tu jambo ambalo siyo lake kuamua.

Dawa yake ndo itereta. Itereta ni objekti ndogo ambayo listi inakukabidhi ukitaka kuipitia, inakumbuka mmefika wapi, unaiuliza maswali mawili tu, kuna kingine? nipe kinachofuata. Haikuhusu kama ndani ni safu ya nafasi, ni mnyororo, ni mti, au ni faili linalosomwa mstari kwa mstari. Na ile ya Java ina metodi ya kuondoa kitu ulichopewa sasa hivi, ukifuta kupitia kwake yeye mwenyewe anarekebisha hesabu zake, hakuna anayerukwa. Yaani 6 yetu ingekaguliwa.

Na siyo wazo la jana. Barbara Liskov na wenzake pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, waliliweka kwenye lugha yao ya CLU miaka ya 1970, wakiwa wanatafuta hasa jinsi ya kumruhusu mtu apitie mkusanyiko wa vitu bila kufunuliwa ulivyojengwa ndani. Liskov alipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2008, ile tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, na kazi yake kuhusu lugha za programu ni sehemu kubwa ya sababu. Java ilipoanza mwaka 1996 ilikuwa na kitu cha kupitia tu bila kufuta, itereta yenye uwezo wa kuondoa ikaja 1998, ile lupu isiyo na namba ikaja na Java 5 mwaka 2004. Python iliweka utaratibu wake wa itereta kwenye toleo la 2.2 mwaka 2001. JavaScript ilichelewa mpaka 2015. Lugha zote hizi, kila moja kwa wakati wake, zimeishia palepale, halafu sisi tunamwanzisha mtu mpya kwa namba kama hayo hayajatokea.

Sisemi namba zisitumike kabisa. Kama unahitaji kujua nafasi, kama unalinganisha kitu na jirani yake, kama unaandika juu ya nafasi ileile, tumia namba, ndo kazi yake. Na hata kufuta kwa namba kunawezekana ukitembea kinyume, kutoka mwisho kuja mwanzo, maana ukifuta, wanaosogea ni wale ulioshawakagua tayari. Mimi kwa anayeanza nampa njia rahisi kuliko zote: usifute, tengeneza listi mpya ya wanaobaki. Unaipitia ya zamani bila kuigusa, kila anayestahili kubaki unamweka kwenye mpya. Python ina mstari mmoja wa kufanya hivyo, na Java tangu toleo la 8 la mwaka 2014 ina metodi ya removeIf, unaipa listi sharti yenyewe inajisafisha. Hiyo ndo lugha ya objekti kweli, umeiambia listi unachotaka, namna ya kukifanya inajua yenyewe.

Kuna lingine ambalo toleo lile liligusa likapita na naona litawachanganya watu. Kubadilisha listi ni tofauti na kubadilisha kitu kilichomo kwenye listi. Ukiwa kwenye lupu, jina ulilompa kitu cha sasa, tuseme mteja, ni mkono tu unaomwonyesha mteja aliyeko kwenye listi. Ukimwambia huyo mteja badilisha simu yako, amebadilika kweli, na listi itamwonyesha na simu mpya, wala hakuna hitilafu kwasababu listi yenyewe haikuongezeka wala kupungua. Lakini ukiandika mteja ni sawa na mteja mpya, umegeuza mkono tu ukaelekea kwingine, listi haijui habari hiyo, yule wa zamani yupo palepale. Nimeona watu wanahangaika na hili masaa, wanasema nimembadilisha lakini nikichapisha listi bado ni yule yule. Inahitaji mchoro mmoja tu wenye mishale, na gazeti lenu lina wachoraji.

Na kama mtapata nafasi, malizieni na klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea objekti, inayotoa listi yake ya ndani nje. Unaandika klasi nzuri ya kundi, ina listi ya wanachama, ina metodi ya kuongeza mwanachama inayokagua kama hayupo tayari, ina metodi ya kumtoa, kila kitu kina mlango wake. Halafu unaweka metodi moja ya kurudisha listi nzima ili watu waipitie. Umewapa ufunguo wa dirishani, maana anayepokea listi hiyo anaweza kuongeza mtu bila ukaguzi wowote, anaweza kuifuta yote, na anaweza kuigusa wakati wewe mwenyewe uko katikati ya lupu ukaanza kushangaa hitilafu inatoka wapi wakati kwenye lupu yako hakuna palipofutwa kitu. Wape itereta isiyoweza kufuta, au wape sura ya kusoma tu ya listi hiyo, au nakala. Ila kwenye nakala mkumbushe msomaji kwamba ni listi ndo imenakiliwa, wateja waliomo ni walewale.

Ombi langu kwenu ni dogo. Chapisheni marekebisho ya mfano ule, na msiweke tu mfano mpya uliosahihi, wekeni wa zamani pembeni na listi ya 3, 4, 6, 7, 10, mwambieni msomaji aifuate kwa kalamu hatua kwa hatua mpaka aione 6 inapita mwenyewe kwa macho yake, kabla hajasoma jibu. Kuna watu sasa hivi wameshaandika programu zao kwa kufuata toleo lile, baadhi yao nawafahamu, wawili wameshaniletea nizikague, na mmoja ana listi ya wagonjwa wa kukumbushwa siku ya kurudi kliniki.

Msomaji wenu na mwandishi wa programu